Dawa za ARV, figo na tumbo: swali tulilorudi nalo kutoka delta



Katika ziara ya kitengo cha miradi kwenye mitaa yetu ya Kibiti na delta ya Rufiji, kamati za diakonia zilituuliza mambo mengi: bati za nyumba ya mwinjilisti, kisima, ada za watoto yatima. Lakini lilikuwapo swali moja lililojirudia karibu kila mahali tulipoketi. Je, ni kweli kwamba dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zinaua figo?

Swali hili halikutoka hewani. Katika kijiji kimoja cha ndani ya delta tulimkuta bibi wa miaka 60, aliyekuwa ametumia dawa kwa miaka 11, ambaye alikuwa ameziacha kwa miezi 2. Alisikia kwamba mtu wa kijiji cha jirani amefariki Dar es Salaam kwa ugonjwa wa figo, na kwamba marehemu naye alikuwa mtu wa dawa. Kopo lake alikuwa amelichomeka juu ya ukuta, chini ya makuti, likiwa limejaa. "Mwanangu," aliniambia, "huu ugonjwa nimeshauzoea. Figo zikifa, pesa ya kusafisha damu nitaitoa wapi?" Ameturuhusu tueleze habari zake bila jina, nasi tutazirudia huko mbele.

Mtu kama huyu hatosheki kwa kuambiwa tu kwamba dawa ni salama. Hakuna dawa yenye nguvu isiyo na madhara, naye analijua hilo kuliko sisi. Jibu la kweli ni refu kidogo. Ndiyo, mojawapo ya dawa hizi inaweza kudhuru figo. Hudhuru watu wachache, polepole, bila maumivu, na mara nyingi figo hupata nafuu ikiwa jambo limegunduliwa mapema na dawa ikabadilishwa. Tumbo ni kinyume chake: husumbua watu wengi, katika wiki za mwanzo, kwa kelele, kisha kwa wengi hutulia. Shida yetu ni kwamba kinachopiga kelele ndicho kinachowafanya watu waache dawa, na kilichonyamaza ndicho kinachohitaji kupimwa.

Dawa zimebadilika

Tanzania ilianza kutoa ARV bure katika vituo vya umma mwishoni mwa mwaka 2004. Mchanganyiko wa wakati ule wa stavudini, lamivudini na nevirapini uliokoa watu wengi sana. Hata hivyo, wahudumu wa majumbani wa miaka ile wanakumbuka nyayo zilizowaka moto, mashavu yaliyobonyea, na wachache waliotapika mfululizo huku tumbo likiuma na pumzi ikienda mbio, kumbe asidi imejaa katika damu. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri nchi ziachane na stavudini. Nafasi yake ikachukuliwa na zidovudini na tenofovia, ambayo kwenye kopo huandikwa TDF. Tangu mwaka 2019 dawa inayopewa kipaumbele kwa watu wazima nchini ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa 3 ndani yake, yaani tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Ndicho kinachojulikana kama TLD.

Nayaeleza haya kwa sababu tetesi hazina tarehe. Mtu husimuliwa leo madhara ya stavudini ya mwaka 2006, akayabandika kwenye kopo la TLD alilopewa jana. Katika dawa 3 za kidonge hiki, inayohusika na madhara ya figo ni moja, tenofovia. Na tenofovia ndiyo iliyotuondoa kwenye zile nyayo za moto.

Gati la Nyamisati

Figo zote mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, lakini mkojo tunaoutoa ni lita 1 hadi 2 tu. Kilichobaki hurudishwa mwilini. Kazi hiyo hufanywa na vijifereji vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo katika kila figo ni kama milioni 1. Sehemu ya mwanzo ya kijifereji ndiyo yenye kazi nzito: hurudisha karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, sukari yote, na sehemu kubwa ya fosfati ambayo mifupa inaihitaji.

Tenofovia hutoka mwilini kwa njia ya figo. Sehemu yake huchujwa kama vitu vingine. Sehemu nyingine huvutwa kutoka kwenye damu na seli za kijifereji, ikapita ndani yake, kisha ikasukumwa upande wa pili kwenye mkojo. Wanaolifahamu gati la Nyamisati wataelewa mara moja. Magari huleta mizigo kutoka upande wa Bungu, na vyombo vya majini huichukua. Vyombo vikichelewa, magari hayaachi kuja, na mizigo hurundikana pale gatini hata watu wakakosa pa kupita. Ndivyo inavyokuwa ndani ya seli ambayo mlango wake wa kuingilia ni mpana na wa kutokea ni mwembamba. Dawa hurundikana, vinu vya kuzalisha nguvu ya seli huanza kuharibika, na seli huchoka kufanya kazi yake. Hapo sukari, protini na fosfati ambazo zingerudi mwilini hupotelea kwenye mkojo. Fosfati ikipotea kwa muda mrefu, mifupa huuma na misuli hulegea, na mgonjwa huambiwa ni uzee.

Tunajua kwamba mlango wa kuingilia ndio wenye shida kutokana na dawa mbili za ukoo huohuo. Cidofovia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya ugonjwa wa macho wa wenye UKIMWI, ni kali sana kwa figo, na hutolewa pamoja na dawa nyingine, probenesidi, ambayo kazi yake ni kuuziba ule mlango. Ya pili ni adefovia. Mwaka 1999 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliikataa isitumike kwa VVU kwa sababu ya figo, lakini mwaka 2002 iliruhusiwa kwa homa ya ini B kwa kipimo kidogo cha miligramu 10. Tenofovia iliidhinishwa huko mwaka 2001, nayo ni mpole kuliko ndugu zake hao.

Je, ni kina nani ambao mizigo hurundikana kwao? Ni wazee, watu wembamba sana, wenye kisukari au shinikizo la damu, na wale ambao figo zao zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Waongezeeni wanaotumia dawa za mstari wa pili zenye ritonavia, kwa kuwa ritonavia huongeza kiwango cha tenofovia katika damu. Halafu wapo wanaomeza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya viungo. Hawa ni wengi, na dukani hakuna anayewauliza kama wana dawa nyingine wanazotumia.

Si kila figo iliyochoka imechoshwa na dawa

VVU vyenyewe hushambulia figo. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwapima wagonjwa waliokuwa wanaanza ARV, na mwaka 2011 walitoa taarifa kwamba wengi wao tayari walikuwa na dalili za figo kudhoofika kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, kuwanyima dawa kwa kuogopea figo ni sawa na kuziacha figo mikononi mwa virusi.

Upo pia utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Zimbabwe kati ya mwaka 2003 na 2008, ujulikanao kama DART. Uliwahusisha watu 3,316 walioanza dawa wakiwa na kinga ya chini ya CD4 200, na karibu robo tatu yao walianza na mchanganyiko wenye tenofovia. Nusu ya washiriki walitibiwa na madaktari waliopata majibu ya maabara ya kila mara, na nusu nyingine madaktari wao walifuata dalili, wakiomba kipimo pale tu walipoona haja. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 90 katika kundi la kwanza na asilimia 87 katika kundi la pili. Madhara makubwa ya dawa hayakutofautiana kati ya makundi hayo, na waliopata tatizo kubwa la figo walikuwa wachache. Hii ndiyo sababu WHO inasema kukosekana kwa kipimo cha figo kusiwe kizuizi cha kumwanzishia mtu tenofovia.

Wapo watakaosoma aya hiyo na kusema, basi vipimo vya nini? Sikubaliani nao. Utafiti ule ulikuwa na wahudumu waliowaona wagonjwa mara kwa mara na kuwauliza maswali. Huku kwetu mtu anayeendelea vizuri hupewa dawa za miezi 3, na wengine hata 6, kwa mara moja. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu wa delta, asiyeweza kuvuka kila mwezi. Lakini maana yake ni kwamba macho ya muuguzi humwona mara 2 au 4 tu kwa mwaka, na mtu ambaye figo zake zinachoka pole pole hana dalili ya kumpeleka kliniki kabla ya siku yake.

Namba moja, watu wawili

Kipimo cha figo kinachotumika zaidi ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kuondolewa na figo. Figo zikichoka, kreatinini hupanda. Hapa kuna jambo ambalo wajumbe wa kamati wanaosindikiza wagonjwa wanapaswa kulifahamu.

Chukua kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 75, mbeba magunia, ambaye karatasi yake inasoma kreatinini 106. Ukiweka umri, uzito na jinsia katika hesabu wanayoitumia madaktari, figo zake zinasafisha kiasi cha mililita 95 za damu kwa dakika. Hana tatizo. Sasa chukua mwanamke wa miaka 60 mwenye kilo 42, karatasi yake nayo inasoma 106, namba ileile. Figo zake zinasafisha mililita 33. Misuli yake ni michache, hivyo taka anayotengeneza ni ndogo, na hata figo iliyochoka huweza kuionyesha karatasi nzuri. Kidonge cha TLD hakipendekezwi kwa mtu aliye chini ya mililita 50.

Kwa hiyo karatasi ya maabara bila uzito wa siku ile haijakamilika. Mzani wa zahanati ukiharibika, kipimo cha figo nacho kimeharibika kwa nusu. Mzani si kitu ambacho mfadhili hupenda kupigwa picha nacho, lakini ndivyo ilivyo.

Lipo na kinyume chake. Dolutegravia, ile dawa nyingine ndani ya TLD, hupandisha kreatinini kidogo katika wiki 4 za mwanzo kwa kuzuia njia mojawapo ambayo taka hiyo hupita, pasipo kuidhuru figo. Baada ya hapo namba hutulia palepale. Mgonjwa akihamishiwa TLD na kuona namba imepanda kidogo, asikimbilie kusema dawa imeanza kuua figo. Kinachotazamwa ni kama namba inaendelea kupanda kila inapopimwa.

Yule bibi alikubali kusindikizwa hadi kliniki. Yeye ndiye mwanamke wa kilo 42 katika mfano wangu. Mganga aliomba kipimo kirudiwe, kikaja hivyohivyo. Alirudishiwa dawa siku ileile, lakini tenofovia iliondolewa na kuwekwa abakavia, na kipimo cha lamivudini kikaangaliwa upya. Kama kilichozichosha figo zake ni tenofovia, au presha aliyogunduliwa nayo siku ile, au diklofenaki za magoti alizokuwa akinunua kwa miaka, mganga hakutaka kusema kwa uhakika, nami nilimheshimu kwa hilo.

Nakiri kwamba nilirudi kutoka safari ile nikiwa nimeinama kidogo. Nilikwenda kumwambia bibi kwamba tetesi ni uongo. Kwa mwili wake, tetesi ilikuwa na chembe ya ukweli. Alichokosea ni dawa aliyoichagua mwenyewe kwa hofu hiyo, yaani kuacha zote. Miezi 2 bila dawa inatosha virusi kurudi kwa wingi, na anayeacha na kuanza mara kwa mara hutengeneza virusi sugu. Aidha, tenofovia na lamivudini hutibu pia homa ya ini B, na mwenye virusi hivyo bila kujijua akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka. Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wapo waliotuuliza kama wameze kidonge siku moja na kuruka ya pili ili kopo lidumu. Jibu letu lilikuwa hapana, na sababu ni hizohizo.

Tumbo

Wazee wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mwaka 1983, na ndugu zetu wa Rakai upande wa pili wa mpaka, waliujua UKIMWI kwanza kwa tumbo: kuharisha na kukonda. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili hukaa kwenye ukuta wa utumbo, na VVU huwaangamiza huko katika wiki za kwanza kabisa. Mtu huanza dawa akiwa na utumbo ambao tayari umejeruhiwa. Kwa hiyo mtu wa dawa anapoharisha, usiseme haraka ni dawa. Yawezekana ni maji, yawezekana ni vijidudu vinavyopenda utumbo usio na kinga, au ni chakula tu.

Hata hivyo dawa nazo zina sehemu yao. Zidovudini huleta kichefuchefu katika wiki za mwanzo. Lopinavia yenye ritonavia, ya mstari wa pili, hulegeza choo, na kwa wengine hali hiyo haiishi kabisa. Atazanavia mara nyingi huwaacha watu na macho ya manjano yasiyo ugonjwa wa ini, jambo linaloleta maneno mengi mtaani, na kwa wachache huleta mawe kwenye figo. TLD kwa tumbo ni nyepesi kuliko hizo zote, ingawa wapo wanaochafukwa siku za mwanzo. Wengi husaidika kwa kumeza kidonge pamoja na chakula, au usiku wakati wa kulala.

Jambo ambalo sijalisikia likisemwa mitaani ni hili la dawa za kiungulia. Mtu anachafukwa na TLD, anakwenda dukani, anapewa vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, anameza vyote pamoja. Madini yaliyomo kwenye vidonge hivyo hushikana na dolutegravia tumboni, na dawa haiingii kwenye damu ipasavyo. TLD imezwe saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa akina mama wajawazito navyo vina tabia hiyo, isipokuwa vikimezwa pamoja na TLD wakati wa chakula havina shida. Na mwenye kisukari anayetumia metfomini awaambie CTC, kwa kuwa dolutegravia huizidisha metfomini mwilini, na daktari huweka kikomo cha miligramu 1000 kwa siku.

Uchovu wa tumbo na wa kumeza kila siku si jambo dogo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, marehemu Ambilikile Mwasapile, na miongoni mwao wapo walioziacha ARV baada ya kunywa. Tuliokuwa kazini wakati ule tunajua kwamba hatukusema kwa sauti moja. Wengine kati yetu tulikuwa kwenye magari yale. Sisemi hili kumhukumu marehemu. Nasema kwa sababu wengi wa walioacha hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewahi kuwauliza tumbo linaendeleaje.

Tumbo linapoifikia figo

Mambo haya mawili, ambayo nimeyaeleza kama yametengana, katika delta hukutana. Vijiji vingi vya upande wa bahari vina visima vya chumvi, na maji baridi ni ya kutafuta kwa mtumbwi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, vyoo na visima vilikuwa maji mamoja. Mtu anayeharisha siku 3 bila kurudisha maji mwilini, figo zake hupata damu kidogo. Akiwa kwenye tenofovia, ule mzigo gatini unakosa maji ya kuuondoa. Akimeza na diklofenaki kwa sababu mwili unauma, mishipa inayopeleka damu kwenye figo nayo hubana. Figo iliyokuwa nzima Jumatatu inaweza kugoma kufikia Ijumaa. Hata aciklovia ya mkanda wa jeshi huweza kutengeneza punje kwenye vijifereji iwapo mgonjwa amekaukiwa.

Kwa sababu hiyo tumewaomba wahudumu wa majumbani wabebe pakiti za ORS kwa ajili ya watu wazima pia, si watoto peke yao. Mtu wa dawa anayeharisha anywe, aendelee na vidonge vyake, asiguse diklofenaki, na kama anatapika kila kitu au mkojo umekuwa kidogo na mweusi, asubiri maji kujaa kwa ajili ya boti tu, asisubiri siku ya kliniki.

Fedha ya usharika rafiki

Wafadhili wetu wamejitolea, kwa moyo tunaoushukuru, kununua mashine ya kupima kreatinini kwa ajili ya zahanati moja ya delta. Nimewaandikia kuwaomba wabadili nia, na ni haki wasomaji wajue kwa nini.

Mashine tunayo uzoefu nayo. Ipo moja tuliyoinunua sisi wenyewe miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati ambayo sitaitaja. Vitendanishi vyake viliisha kabla ya mwaka kwisha, fundi wake anatoka Dar es Salaam, na umeme wa jua uliokuwepo ulitosha taa na friji ya chanjo. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imefunikwa kanga, safi kabisa. Kosa lile lilikuwa letu, maana andiko la mradi niliandika mimi.

Kipimo cha kreatinini hakihitajiki kila wiki. Kwa mtu asiye na hatari hata mara moja kwa mwaka ni jambo jema, na kwa wazee, wembamba, wenye presha au kisukari, na walio mstari wa pili, mara nyingi zaidi. Hospitali zenye maabara zipo tayari, Utete na Mchukwi. Kinachokosekana ni safari: boti hadi Nyamisati, bodaboda au gari hadi Bungu, kisha barabara kuu, kulala usiku mmoja, na kurudi. Sampuli ya damu ambayo haijatenganishwa haipaswi kukaa juani kwenye mtumbwi kusubiri bamvua, kwa hiyo ni afadhali asafiri mtu mwenyewe. Tumeomba fedha ile iwe nauli na posho ya chakula kwa mgonjwa na msindikizaji, mizani mipya kwa zahanati, na vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti hakihitaji umeme. Kikionyesha protini, au sukari kwa mtu asiye na kisukari, ni ishara ya kumtanguliza mtu huyo kwenye safari. Hakioni kila kitu, na kijiti safi hakimwondoi mzee mwembamba kwenye orodha.

Kamati zimeuliza nani atatunza orodha. Tumekubaliana kwamba kamati ya diakonia haitaandika majina. Itapokea idadi ya nafasi kutoka kwa muuguzi wa CTC na kutoa fedha ya nauli kwa nafasi, pasipo kuuliza ni nani anasafiri wala anaumwa nini, na nafasi hizo ni za watu wote wa kijiji, Wakristo na Waislamu. Mitaa miwili imeshaanza kwa sadaka zake yenyewe wakati tunasubiri jibu la usharika rafiki. Bibi anarudi kupimwa baada ya miezi 3, na nauli yake imekwisha kutengwa. Ameomba safari iangukie siku za maji makubwa, ili boti imfikishe hadi karibu na nyumba, magoti yake yasiguse matope.